Sura ya Tano: Pwani Isiyo na Chumvi

Nikiwaambia rafiki zangu wa Dar es Salaam kwamba mwezi ujao nakwenda pwani, huuliza kama ni Bagamoyo au Tanga. Nikisema Bukoba, hunisahihisha kwa upole: kule ni ziwani, si pwani. Sisi tuliozaliwa Kagera hatuoni tofauti kubwa. Mchanga upo, mawimbi yapo, ng'ambo haionekani hata ukikaza macho, na kila asubuhi jua huchomoza majini kama linavyochomoza Kilwa. Kisichopo ni chumvi. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, nalo limelala mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Wahaya wanaliita Lweru. Mtoto aliyekulia kando yake akipelekwa bahari ya Hindi kwa mara ya kwanza, hushangazwa na ladha ya maji, si na upana wake.

Na kama mwambao wa bahari ulivyo na misikiti yake ya kale ya matumbawe, pwani yetu ina makanisa yake ya matofali. Sura hii ni ya makanisa hayo. Nawaandikia hasa wale wanaokuja Bukoba kwa mapumziko ya siku tatu, wakaogelea, wakala sato wa kukaanga na ndizi, wakapiga picha machweo, kisha wakarudi bila kupandisha mlima hata mmoja.

Mimi ni mtu wa Kagoma. Kagoma ni kata ya wilaya ya Muleba, katika nchi ambayo zamani ilikuwa ya wafalme wa Ihangiro. Watanzania wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya barabara tu: kwa miaka mingi lilitajwa kwenye bajeti za ujenzi, kwanza kipande cha Muhutwe hadi Kagoma, kisha Kagoma hadi Lusahunga, kilomita 154 za kuelekea Biharamulo. Leo ni lami. Nilipokuwa mdogo ilikuwa tope jekundu, na basi likikwama abiria wote tulishuka kusukuma.

Nililelewa na bibi, katika kibanja kilichopangwa kama vibanja vyote vya Wahaya: nyumba katikati, migomba ikiizunguka, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni. Ukitoka kwenye kibanja unaingia rweya, mbuga ya nyasi isiyo na kivuli. Jumapili tuliivuka hiyo rweya alfajiri, umande ukitulowesha magoti, na kitu cha kwanza kuonekana mbele kilikuwa ukuta wa kanisa. Bibi hakuingia mlangoni moja kwa moja. Kwanza alikwenda pembeni, upande wa kusini, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kwa muda wa pumzi mbili tatu, ndipo akaingia. Nilidhani ni sehemu ya ibada, nami nikawa namwiga. Nilikuwa nimefika darasa la tano nilipomuuliza.

"Baba yangu aliyabeba haya, mjukuu wangu," akasema. "Kichwani. Kutoka bondeni mpaka hapa."

Sikumuuliza zaidi. Ndilo kosa langu kubwa katika jambo hili lote, kwa sababu bibi alifariki akiwa na majina yote kichwani mwake.

Tuanze na mji wenyewe. Bukoba kama mji ulianza Novemba 1890, na ulianzishwa na mtu aliyetokea Bagamoyo. Huyo ni Emin Pasha, daktari kutoka Silesia aliyezaliwa na jina la Eduard Schnitzer, aliyewahi kuwa gavana wa Ikweta kusini mwa Sudan chini ya serikali ya Misri. Stanley alimtoa huko na kumfikisha pwani Desemba 1889. Usiku wa karamu ya kumpokea Bagamoyo, macho yake yakiwa mabovu, alianguka kutoka ghorofani na kuvunjika vibaya. Alilazwa kwa miezi. Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akaongoza msafara kurudi bara, na mwisho wa mwaka akasimika kituo kwenye ghuba hii ambako mto Kanoni unaingia ziwani. Hakukaa. Miezi michache baadaye alielekea magharibi, na mwaka 1892 akauawa Kongo. Kituo alichokiacha ndicho kilichozaa boma, soko, na baadaye mji.

Wamisionari nao walifika kwa njia ya vita, na vita hiyo haikuwa yetu. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na bunduki za Kapteni Lugard zikawapa ushindi Waprotestanti. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Shirika la Mapadre Weupe akakimbia pamoja na waumini wake kuelekea kusini, wakifuata ukingo wa ziwa mpaka upande wa Wajerumani. Mwaka huo huo wa 1892 wakaanzisha misheni ya Kashozi, kaskazini mwa Bukoba. Ndiyo misheni mama ya Buhaya.

Hapo ndipo yanapoanzia makanisa yetu, na hapo ndipo ninapoomba msomaji aende taratibu. Huwa tunasema dini ililetwa na Wazungu, tukamaliza. Lakini waliofika pamoja na Hirth walikuwa Waganda, wanaume kwa wanawake, watu waliokwisha kuzika ndugu zao kwa ajili ya imani hiyo. Mauaji ya mashahidi wa Uganda yalikuwa yamepita miaka sita tu. Wao ndio walioweza kusema na Mhaya lugha iliyo jirani na yake. Upande wa Waprotestanti ilikuwa hivyo hivyo. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walifika Bukoba mwaka 1910 wakakuta tayari wapo Wahaya wanaosoma Biblia ya Kiganda, wamejifunza wenyewe, wanakutana wenyewe. Kitabu kilivuka ziwa kabla ya mchungaji.

Mgeni wa Bukoba aanze na Bunena. Ni kilima kilichoingia ziwani kusini mwa mji, karibu na bandari, na misheni iliyo juu yake ilijengwa na Mapadre Weupe katika enzi ya Wajerumani. Panda kwa miguu, asubuhi. Njia si ndefu. Miamba ya eneo hili ni ya mawe ya mchanga, ya kale mno, na kila unapopanda hatua kadhaa ziwa nalo linapanuka, mpaka unafika juu na kukuta nusu ya dunia yako ni maji. Kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji kama chungu kilichofunikwa. Upande wa kushoto unaona uwanja wa ndege na mwalo wa Nyamukazi, mitumbwi imevutwa mchangani, dagaa wameanikwa.

Usiharakishe kuingia ndani. Tafuta tofali. Nimefanya hivi katika makanisa mengi ya kale ya mkoa wetu, na kila mara nimeona kitu. Matofali ya zamani yalifyatuliwa kwa kalibu ya mbao, moja moja, udongo ukikandwa kwa miguu, ukajazwa kwa mikono, ukasawazishwa kwa kiganja. Kisha yakaanikwa kwenye nyasi na kuchomwa katika tanuri la kuni. Kwa hiyo hayafanani. Moja limeiva hadi likawa jeusi ukingoni kwa sababu lilikaa karibu na moto. La jirani lake ni la rangi ya chungwa. Katika kanisa moja la upande wa Muleba niliona tofali lenye alama za vidole vinne, zimezama ndani sawasawa, kama mtu aliyelisukuma likiwa bichi. Niliweka vidole vyangu pale. Vilikuwa vikubwa kuliko alama. Aliyelishika alikuwa mwanamke, au mtoto.

Parokia hiyo hiyo nilimkuta katekista mstaafu ameketi kwenye benchi nje ya ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wa Kagoma."

"Wa ukoo gani?"

Kwetu swali hilo halikwepeki, na ukilijibu vizuri milango inafunguka. Nilimtajia ukoo wangu na jina la babu, naye akainuka, akanipeleka ndani, akanionyesha picha ukutani. Ni picha ya rangi ya kahawia, ya watu wamesimama mbele ya ukuta uliofika kiunoni. Katikati yuko padre mwenye ndevu na kanzu nyeupe. Kando yake, pande zote mbili na nyuma, wamesimama watu thelathini na mmoja. Niliwahesabu mara mbili. Wengine wamevaa mbugu, nguo za magome ya mti, wengine kaniki. Mwanamke mmoja kashika mtungi wa maji. Mvulana kabeba tofali kichwani na hakulitua hata kwa ajili ya picha. Chini pameandikwa kwa wino: mwaka, jina kamili la padre, na neno moja la Kifaransa lenye maana ya wafanyakazi.

"Hawa ndio waliojenga," katekista akasema. "Mimi nawajua wawili tu. Huyu na huyu. Wengine, waitu, wamepotea."

Nilitaka kukasirika, lakini mambo si mepesi kiasi hicho. Mapadre Weupe walikuwa watu wa kuandika. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila kituo kiwe na wamisionari wasiopungua watatu, wajifunze na kusema lugha ya wenyeji, na waandike shajara ya kituo. Aliagiza pia kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa kwa miaka minne. Kila aliyebatizwa aliandikwa katika daftari kubwa, kwa Kilatini: jina lake la ubatizo, jina lake la kwao, baba, mama, msimamizi, tarehe. Nimewahi kufunuliwa daftari la namna hiyo. Wino umegeuka kutu, karatasi inanuka unyevu, na majina ya Kihaya yamekaa ndani ya sentensi za Kilatini kama watu waliokaribishwa kwenye nyumba ngeni. Karibu wote waliobeba matofali walikuwa wakatekumeni au wabatizwa wapya. Majina yao basi yapo. Yamehifadhiwa kwa ajili ya roho zao, hayakuhifadhiwa kwa ajili ya kazi yao. Picha iko ukutani, daftari liko kabatini, na hakuna aliyewahi kuviweka meza moja.

Ndiyo maana sipendi mtu anapoyaita haya makanisa ya kikoloni akaishia hapo. Yalijengwa wakati wa ukoloni, ndiyo. Wajerumani walitawala Bukoba kupitia wafalme wetu, wakaweka mwakilishi wao juu yao, wakatoza kodi, na misheni zilijengwa ndani ya kivuli cha boma hilo. Ramani ilichorwa na padre au bruda. Lakini udongo ni wa Buhaya, kuni ni za Buhaya, na shingo zilizobeba ni za baba zetu na mama zetu. Mwenye nyumba ni nani hapo?

Wala sitaficha upande wa pili. Kabla ya kengele, ziwa lilikuwa na mwenyewe. Mugasha ndiye aliyekuwa na mawimbi, upepo na mvua, na mvuvi hakuingia majini bila kumkumbuka. Katika vibanja kulikuwa na vibanda vidogo vya mizimu, na kulikuwa na embandwa, waganga waliopandwa na roho hizo na kuzisemea. Wamisionari walitaka vibanda hivyo vichomwe, na vingi vilichomwa. Pamoja navyo vikaenda vyombo, ngoma, hirizi, na maarifa ambayo leo watafiti wanayatafuta kwa tochi. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa katika kanisa lile alilolibeba babu wa mama yangu, lakini kwa jambo hilo siwatetei. Kitu kinaweza kuachwa bila kuchomwa.

Ukishuka Bunena, tembea ufukweni kuelekea kaskazini. Hapa ndipo palipokuwa mji wa Wajerumani, na bado lipo jengo wanaloliita Duka Kubwa, yapo na makaburi ya Wajerumani. Mwaka 1915, Juni 22 na 23, Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashuka kaskazini ya mji, wakapigana siku mbili, wakauangusha mnara wa redio uliokuwa ukiwapa Wajerumani habari, wakalipua boma, na askari wao wakapora mji. Kisha wakapanda meli zao wakarudi. Mwaka uliofuata walikuja kukaa.

Mjini lipo Kanisa Kuu Katoliki, jipya kuliko yote niliyoyataja, na ndani yake amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa. Alifariki Desemba 8, 1997, na kwa kuwa kanisa kuu lilikuwa halijawa tayari, alizikwa kwanza Kashozi, kwenye ile misheni mama. Mwili wake ulihamishiwa Bukoba Oktoba 2012. Karibu miaka kumi na mitano alingojea. Nenda ukasimame pale, hata kama wewe si Mkatoliki, hata kama wewe si Mkristo.

Kisha urudi nami kusini, maana kisa cha Rugambwa kinarudi Muleba.

Barabara inapita Kemondo, bandari ya pili ya eneo letu. Hapo ndipo MV Bukoba ilipopakia abiria wa mwisho usiku wa kuamkia Mei 21, 1996, ikazama asubuhi karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Hesabu ya serikali ilikaribia 900. Hakuna kijiji kati ya Bukoba na Muleba ambacho hakikuzika mtu, au hakikukaa matanga bila mwili wa kuzika. Nilikuwepo Kagoma. Kengele ziligongwa mpaka wagongaji wakabadilishana zamu. Novemba 6, 2022 ziwa likatutoa machozi tena, ndege ilipoanguka majini ikikaribia uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafa. Wa kwanza kuwafikia walionusurika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Nayasema haya kwa mgeni anayeliona ziwa hili kama bwawa la kuogelea. Likiwa limetulia ni zuri kupita maelezo. Sisi tunalipenda na tunaliogopa kwa wakati mmoja.

Sasa Rutabo. Ni kijiji cha wilaya yetu ya Muleba, migomba na kahawa kama kwingine. Mwaka 1951 Roma iligawa eneo la Bukoba na kuunda Vikarieti ya Kagera ya Chini, ikamkabidhi padre Mhaya wa miaka 39, mzaliwa wa Bukongo, aliyesoma seminari ya Rubya. Aliwekwa wakfu kuwa askofu Februari 1952. Mwaka uliofuata vikarieti ikawa Jimbo la Rutabo. Na Machi 28, 1960, Papa Yohane wa 23 alipomfanya Laurean Rugambwa kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika nyakati zetu kupewa cheo hicho, cheo alichokuwa nacho siku hiyo kilikuwa askofu wa Rutabo. Hakuwa askofu wa Dar es Salaam. Hiyo ilikuja 1968. Jimbo la Rutabo lenyewe lilirudishwa ndani ya Bukoba miezi michache tu baada ya yeye kufanywa kardinali. Kwa hiyo kuna kijiji cha Muleba ambacho kwa siku zisizofika mia kilikuwa na kardinali wake. Watu wanakwenda Roma kuona mambo madogo kuliko hayo.

Rubya iko wilaya hiyo hiyo. Seminari yake ni ya 1904, na ilisomesha vijana wa nchi tatu: mapadre wa kwanza wa Rwanda, waliopewa upadre 1917, walitumwa kusoma hapa, wakitembea kwa miguu siku nyingi. Mwaka huo huo wa 1917 walipewa daraja mapadre wazalendo wa kwanza wa upande wetu, na mwaka 2017 Kanisa Katoliki Tanzania lilisherehekea miaka mia ya upadre kwa kuwakumbuka. Ukisimama kwenye uwanja wa Rubya, ukatazama majengo yale marefu, fikiria mvulana wa miaka kumi na miwili anafika kutoka Rwanda hajui lugha, na anapewa kitabu cha Kilatini.

Walutheri nao wana la kuonyesha. Josiah Kibira, aliyezaliwa 1925 kaskazini mwa Bukoba, alifuata baada ya askofu Msweden Bengt Sundkler kuongoza dayosisi, na mwaka 1977 mkutano wa Shirikisho la Walutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam ulimchagua kuwa rais, Mwafrika wa kwanza. Kardinali wa kwanza na rais wa kwanza, wote wa mkoa mmoja wa pembezoni ambao hata reli hauna.

Huko magharibi, kwenye mto Kagera, yapo magofu ya kanisa la Kyaka lililobomolewa katika vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979. Si ya pwani, lakini mwenye nafasi ya siku moja ayaone. Kuta zimeachwa kama zilivyo.

Kuta nyingine zilibomolewa na ardhi. Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, nyumba za watu zikaanguka kwa mamia, shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika hadi zikajengwa upya. Majengo ya matofali ya kale yalipata nyufa, na nyufa zilileta mafundi. Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Katika kanisa moja nilikuta ukuta wote wa nje umepigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya krimu. Kanisa ni imara sasa, mvua haiingii, waumini wamechanga kwa jasho lao na wanastahili kusali pakavu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Najua maana ya paa linalovuja. Lakini zile alama za vidole hazionekani tena. Fundi anayejua kazi anaweza kuziba ufa kwa chokaa na mchanga, akaacha tofali lipumue. Saruji ngumu hufungia unyevu ndani na tofali la zamani huliwa kutoka tumboni. Kamati za ujenzi za parokia na sharika zetu zimuulize mhandisi jambo hili kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Na zibakize walau ukuta mmoja.

Mgeni naye ana maswali yake, na niyajibu upesi. Njoo Juni hadi Agosti kama unaogopa mvua. Njoo Novemba kama unataka senene. Utawala wakiwa wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na hutahitaji kushawishiwa mara ya pili. Ogelea pale wenyeji wanapokuonyesha, na ujiepushe na maji yaliyotuama kwenye matete, kichocho kipo. Kutoka Bukoba hadi Kagoma panda gari za Muleba. Kanisani ingia wakati wa misa au ibada, si baada yake, ukae mpaka mwisho. Kwaya zetu huimba kwa Kihaya na Kiswahili, na jengo la matofali lenye paa refu hupokea sauti kama mtungi unavyopokea maji. Huwezi kulijua kanisa likiwa tupu. Ukimaliza salimia wazee nje. Utaulizwa ukoo. Kama huna ukoo wa Kihaya, taja wa kwenu, wataridhika.

Mwaka jana nilirudi kwenye ile parokia yenye picha. Katekista amefariki. Nilimwomba paroko ruhusa, tukaishusha picha, tukaigeuza, na kwa penseli, maana wino hupenya, tukaandika yale majina mawili aliyokuwa ameniambia, kila moja na nafasi yake: wa tatu kutoka kushoto, safu ya nyuma; mwenye mtungi. Kati ya thelathini na mmoja, wamebaki ishirini na tisa. Tumeanza kulipitia daftari la ubatizo pamoja na vijana wa parokia, Jumamosi baada ya Jumamosi, tukiwauliza wazee waliobaki.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna kanisa, msikiti, shule au daraja la zamani, na nyumbani kuna picha ya waliojenga au mzee anayewakumbuka, nenda wiki hii. Chukua penseli.